Wimbo wa Kijapani wa saa tisa

Jumatano

Nimechoka hata kuvua viatu sijavua. Leo kwenye kipindi changu cha redio nimepiga wimbo mpya wa bendi moja ya wasichana wa Kijapani, magitaa makali na mdundo wa kuchezeka. Simu hazikunyamaza. Mmoja alisema nimemuumiza kichwa. Mwengine akauliza kama taarab imekwisha Unguja.

Mkuu wa kituo akaniita. "Zuhura, ukiupiga tena, kipindi ntampa mtu mwengine."

Nikaitikia, nikatoka. Nilikuwa nakusanya vitu vyangu simu ikalia tena. Bi Mwanakheri, wa Chwaka. Nikamwamkia huku nikisubiri matusi.

"Marahaba, mwanangu. Wale watoto wanaimba nini?"

"Sijui, Bi. Ni Kijapani."

"Binti yangu tangu azike mwanawe hatoki chumbani. Leo katoka kuuliza ni nini kile. Akakaa nami, akala. Kesho utaupiga saa ngapi?"

Sina kazi nyengine, na kodi ya nyumba ni yangu peke yangu. Naogopa, sitajidanganya.

Nshamwambia saa tisa.