Majani ya Nyumba ya Mama

Goma, siku ya Jumatatu

Kwa Muzee wangu mheshimiwa, baba mzazi, kwetu milimani Masisi.

Jambo: ombi juu ya mke wangu Furaha, na juu ya majani yanayotandikwa nyumbani mwa Mama.

Muzee wangu,

Kabla ya neno lolote ninavua kofia na kusimama mbele yako, ingawa hunioni. Natumaini barua hii itakukuta umekaa barazani, magoti hayakusumbui, na yule ng'ombe mwekundu wa paji jeupe amezaa bila taabu. Mama anapumuaje? Swali hilo limekuja la mwisho katika maandishi, lakini ndilo la kwanza moyoni mwangu. Mimi ni mzima, nakula vizuri, na Jumapili sikosi kusali.

Barua yako ilinifikia kwa mkono wa dereva wa lori la jibini. Katekista aliyekuandikia ana mwandiko ulionyoka, nami nilielewa kila neno: ya kwamba kila Jumamosi Furaha anapoingia kwa Mama, Mama hubanwa kifua mpaka kesho yake, ya kwamba majirani wanasema mkamwana huyo analeta kitu mikononi, na ya kwamba mwezi huu ukiisha umekusudia kumrudisha kwa wazazi wake. Muzee, mwana hampingi baba yake katika karatasi. Ninaomba tu ruhusa nikueleze jambo lililonipata mimi mwenyewe hapa kazini, na ukiisha kulisikia mpaka mwisho, ndipo uamue.

Unajua kwamba ninafanya kazi ya nyumbani kwa mzungu mmoja, mwalimu wa sekondari. Wako watatu: Bwana, Madamu, na binti yao Sofi wa miaka tisa. Sofi ana mnyama mdogo anayeitwa shinshila, ambaye bibi yake alimpa kule Ulaya. Ana masikio ya panya, mkia wa kindi, na manyoya laini yenye rangi ya moshi wa jikoni. Hataki kuogeshwa kwa maji. Yeye hujigaragaza katika mchanga, nami ndiye ninayemchekechea mchanga mwembamba wa volkano. Chakula chake hasa ni majani makavu. Akiyakosa, meno yake huendelea kukua mpaka hawezi kutafuna, na tumbo lake husimama.

Mpishi wa nyumba hiyo, Papa Kambale, hakuacha kunicheka. Aliniambia, "Ndagije, baba yako alikupa fimbo ya kuchunga ngombe, na weye unachunga panya ya Wazungu." Nilimjibu kwamba mnyama ni mnyama, na mwenye kujua majani anayajua popote.

Kumbe sikuyajua.

Magunia ya majani yaliyotoka Ulaya yalipokwisha, Bwana aliniita, akasema kwamba mimi ni mtoto wa wafugaji, kwa hiyo kazi ya kuchagua mengine ni yangu. Muzee, nilijisikia mrefu siku hiyo. Asubuhi ya salongo, ile kazi ya wote ya kusafisha mji, tulipokuwa tukifyeka kando ya barabara ya Kanyaruchinya, niliwaachia wenzangu majani ya kawaida, nikatafuta yale membamba yenye vichwa laini vilivyochanua, yale yale tunayotandika sakafuni kwetu mgeni wa heshima anapokuja. Niliyaanika, nikajaza gunia, nikaliweka penye pembe ya chumba cha Sofi, na mengine nikayatandika ndani ya kizimba cha mnyama, kama vile ambavyo wewe ungetandika kwa ajili ya wakwe. Madamu alisema chumba kinanukia vizuri. Mnyama alikula mpaka akalala.

Siku ya tatu macho ya Sofi yalivimba. Siku ya tano kifua chake kilianza kupiga filimbi, sauti ile ile ya Mama. Na kila asubuhi nilipoingia kubadilisha majani, mtoto alipiga chafya, kisha akakohoa mpaka akashika ukingo wa kitanda.

Papa Kambale ndiye aliyesema mbele ya watu. Aliweka sufuria chini, akasema, "Mutoto anakohoa kila mara huyu anaingia. Sisi wengine tunaingia, hakohoi." Hakusema uongo, Muzee. Ndivyo ilivyokuwa. Madamu aliniangalia mikono. Aliniangalia mikono kwa muda mrefu, halafu akaniambia kwa upole, "Ndagije, usiingie tena kwa mutoto mpaka tujue."

Kwa siku nane nilipita mlango wa nyuma. Maji ya Sofi niliyaacha kizingitini na kuondoka kabla hajatokea. Mke wa mlinzi, niliyezoea kupokea kutoka kwake muhogo wa kuchoma, alianza kuuweka chini badala ya kunipa mkononi. Hakuna aliyenitukana. Lakini nilijifunza jinsi mtu anavyoanza kujichunguza mwenyewe, anaoga mara mbili, ananusa nguo zake, na anajiuliza kama kweli anabeba kitu asichokijua.

Basi Bwana akamleta dokta. Walizungumza Kifaransa, nami nilisikia vyema kwa kuwa lugha hiyo nimejifundisha mwenyewe. Dokta alisema kwamba viko vifua vinavyokataa kitu ambacho vifua vya wengine havikioni kuwa ni kitu. Hali hiyo wanaiita alerji. Si sumu, wala si mkono wa mtu. Akasema chanzo kinaweza kuwa manyoya ya mnyama, au mchanga wake, au majani yake. Tuondoe kimoja kimoja, tungoje, tuangalie.

Tukaondoa mnyama kwanza, tukampeleka depo, chumba cha kuwekea vitu. Sofi akaendelea kukohoa, na kulia pia. Tukaondoa mchanga, hakuna kilichobadilika. Ndipo nikaomba niingie mimi, nimefunga kitambaa puani, nikatoa gunia la majani, nikafagia pembe ile na kupangusa kila mahali kwa maji. Siku ya nne Sofi alikuja jikoni kwa miguu yake, akamwambia Papa Kambale kwamba ana njaa. Filimbi ilikuwa imekwisha. Madamu akamrudisha mnyama kwake, wala mtoto hakukohoa.

Lakini mnyama alibaki bila majani, na Bwana akasema ni afadhali apelekwe mbali kuliko kufa mbele ya mtoto. Sofi alinifuata nyuma ya nyumba, akaniuliza kwa Kiswahili chake, "Papa Ndagije, majani yote ni mabaya?" Nikamwambia hapana. Nikamwambia nitayapata yaliyo mema, na neno hilo nilikusudia kulitimiza.

Nilianza kandokando ya ziwa, upande wa Kituku. Majani ya kule ni mabichi na hayana vichwa, lakini yana maji mengi; nilipoyaanika yalishika ukungu, na nilipoyatikisa yalitoa vumbi jeusi. Niliyatupa kabla hayajavuka mlango. Kisha nikapanda juu ya mji, nikachagua majani machanga, yaliyokuwa bado hayajatoa kichwa hata kimoja. Nilikata umande ukiisha kukauka. Nikayaanika juu ya kamba, kivulini, na kuyageuza mara tatu kwa siku. Yalipokauka yalibaki na rangi yake ya kijani. Nikayatikisa nje, upepo ukiwa mgongoni mwangu. Mnyama sasa hulishwa majani barazani. Mimi hunawa na kubadilisha shati kabla ya kuingia ndani. Juma la tatu linakwisha na Sofi anapumua kama watoto wengine. Papa Kambale alinipa mkono. Alisema, "Nilikuona mubaya, kaka. Uniachilie." Nilimwachilia kosa lake.

Muzee, sasa nafika kwenye ombi langu.

Siku nilipolitoa lile gunia, niliona mkono wa shati langu umejaa unga wa manjano, unga wa maua ya majani. Nikasimama palepale. Nilikumbuka mikono ya gauni la Furaha kila Jumamosi. Ni nani anayekata majani ya nyumba ya Mama? Ni Furaha. Anakata yapi? Yale membamba, yenye vichwa, yaliyochanua, kwa sababu mkamwana mwenye adabu hamtandikii mama mkwe majani ya ovyo. Anayabeba kifuani, anaingia nayo, anayatandaza mpaka chini ya kitanda. Na Mama anabanwa.

Tena kumbuka Mama alipokwenda Rumangabo kumwuguza dada yake, akakaa miezi miwili bila kukohoa. Watu walisema: mnaona, Furaha hayuko huko. Ni kweli, hakuwako. Lakini nyumba ile ina sakafu ya simenti, Muzee. Majani pia hayakuwako.

Kwa hiyo, kwa heshima yote ya mwana kwa baba yake, ninakuomba majani yote yatolewe nyumbani mwa Mama, hata ya chini ya kitanda, Mama akiwa amekaa nje kwa jirani. Sakafu inyunyiziwe maji ndipo ifagiliwe. Ninafahamu ni aibu nyumba ya mtu kama wewe kuonekana udongo mtupu, ndiyo sababu dereva atakukabidhi mkeka mkubwa nilioununua hapa. Furaha asikate majani majuma matatu. Lakini aendelee kuingia kwa Mama kila siku, apike, akae naye, ampe maji kwa mkono wake. Msiondoe majani na mtu kwa pamoja, kwa kuwa hapo hamtajua ni kipi kilichokuwa kinamdhuru.

Majuma matatu yakiisha na Mama bado anabanwa, niandikie: nitapanda lori, nimlete Mama kwa dokta, na Furaha na watoto wetu nitakuja nao Goma. Simwachi, Muzee. Hilo naliandika wazi ili usije ukasema nilikuficha.

Nisalimie Mama, na umwambie asilale karibu na zizi majani yakiwa yamechanua. Nisalimie shangazi mwenye nyumba ya chini, na mdogo wangu anayekaa na ndama. Nawe Katekista unayesoma barua hii, nakushukuru kwa sauti yako. Tafadhali usiruke mstari.

Ombi la mwisho ni dogo. Barua hii isomwe Furaha akiwa amekaa ndani pamoja nanyi, si mlangoni. Yeye sikumwandikia barua ya peke yake. Niliyotaka kumwambia nimeyasema hapa, mbele ya watu wote. Kosa lake ni moja na langu: alichagua majani yaliyo mazuri kuliko yote. Mkeka autandike yeye.

Mwanao mtiifu, anayengoja jibu kwa lori lile lile,

Ndagije