Stroberi za Ua wa Nyirabagenzi

B.P. 117,
Gisenyi,
16 Machi 1999

Mpendwa Dada Murekatete,

Salamu nyingi kutoka huku kwetu ziwani. Magoti ya Mama yanaendeleaje? Na shemeji, kikohozi kimemwacha au bado anabishana na daktari? Sisi hatujambo. Diane alisumbuliwa na tumbo mwezi uliopita, sasa anaruka ruka kama kawaida. Baba yake, Wellars, anakusalimu sana.

Barua yako niliipokea kutoka kwa dereva wa lori la maharage. Unauliza kama umlete Mama baada ya Pasaka. Nimechelewa kukujibu, na aliyenichelewesha ni bibi mmoja.

Unaikumbuka ile nyumba niliyokuandikia, tuliyoikuta tupu tuliporudi nchini baada ya vita? Mwenyewe alirejea kutoka Zaire alikokuwa amekimbilia. Anaitwa Nyirabagenzi, mjane, hana mtoto aliyebaki naye. Ofisi ya komini ilituambia tuishi pamoja mpaka sisi tupewe kiwanja kule Kanzenze. Basi sisi tuko nyumba kubwa, na yeye analala kwenye jiko la uani, jiko la nyumba yake mwenyewe. Wewe ungepata usingizi hapo? Mimi sikuupata.

Ndiyo maana sipandi kitu ardhini hapa. Wellars aliniletea miche ya stroberi kutoka kwa padri mmoja wa Nyundo anayependa bustani, nikaipanda kwenye makopo ya mafuta ya msaada. Ni matunda mekundu, madogo kama ncha ya kidole gumba, mbegu zake ziko nje kwenye ngozi. Unatoboa kopo chini kwa msumari, unatandaza vijiwe vya volkano ili maji yapite, kisha udongo na samadi iliyooza. Siku ya kuhama nabeba makopo yangu naondoka. Mche huu hutoa kamba, na kamba ikigusa udongo inaota mche mwingine. Kila kamba iliyotaka kushuka chini niliirudisha ndani ya kopo. Hata mmea sikuuruhusu uote kwa watu.

Sasa sikiliza. Jua la Februari lilipokuwa kali, nikawa nikirudi kutoka Goma na vitenge vyangu vya kuuza nakuta makopo yamelowa. Wellars akasema si yeye. Siku nyingine nikakuta majivu yamezungushwa kila kopo, duara kabisa. Nani anazungusha majivu kwenye mali ya mtu? Nikamuuliza Diane. Akasema ni Nyogokuru, ndivyo anavyomwita huyo bibi.

Nikaanza kumchunguza kupitia upenyo wa pazia. Anamwagilia, anang'oa majani yaliyokauka, anaweka nyasi chini ya matunda yasioze. Lakini hali hata moja! Nikajiuliza, mtu gani anatunza asichokula? Wewe uliyekuwa ukiniita askari wa forodha kwa kushuku kila kitu, niambie kama hapo hata wewe usingeshtuka.

Kisha akatuletea uji wa mtama. Aliunywa kwanza mwenyewe mbele yangu, kama ilivyo desturi yetu, mwenye kutoa aonje. Hata hivyo nikaumwaga nyuma ya choo. Watu hapa wanasema wapo wanaoficha sumu chini ya ukucha, wanaonja upande wao na kukuachia wewe upande wako. Wiki ileile Diane akaumwa tumbo, naye alikuwa amekula stroberi. Wellars alisema mtoto anayekula matunda mabichi lazima tumbo limkate. Mimi nikasema kikulacho ki nguoni mwako, nikamkataza Diane kuyagusa. Siku hiyo nilikata shauri kukujibu usimlete Mama.

Juzi Jumapili, baada ya misa, nikatega mtego. Nilichuma stroberi nzuri kuliko zote, nikazipanga kwenye sahani, nikampelekea jikoni kwake. Nilijiambia kwamba asiye na hatia atakula, na aliyeweka kitu atakataa. Alinawa mikono, akashukuru, akaiweka sahani mapajani. Hakugusa. Nikamuuliza mbona hali.

"Mama Diane," akasema polepole, "we haukuonja."

Dada, mimi, binti wa Mama yetu ambaye hajawahi kumpa mgeni kikombe bila kukigusa kwanza kwa midomo yake! Kwa jinsi nilivyokuwa na haraka ya kumnasa, nilisahau kabisa. Nikamuuliza, basi kwa nini anamwagilia kitu anachoogopa kukila?

"Nilikuwa naogopa. Zikikauka, mutasema ni mi niliziloga. Mutanifukuza hata ku jiko. Majivu ni ya konokono tu."

Nyumba ni yake, Dada. Alikuwa anamwagilia makopo yangu ili asifukuzwe kwake. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu nizaliwe.

Nikachukua stroberi moja, nikauma nusu, nikampa nusu. Akala. Akajifuta maji mekundu kidevuni kwa kitenge, kisha naye akachagua moja, akauma, akaninyooshea iliyobaki. Niliangalia ukucha wake. Siwezi kukuficha, niliuangalia kwanza. Ndipo nikala.

Basi mlete Mama. Kiwanja bado tunakisubiri, atalala na Diane. Nyirabagenzi amekwisha sema atampikia uji wa mtama. Uji huo ukiletwa, nitaunywa mimi kwanza, na safari hii sitaumwaga.

Nisalimie shemeji, mjomba Sebagabo, na Uwimana mwambie kitenge chake kipo. Mama hupenda kusema Mungu hushinda mchana kwa wengine na kuja kulala Rwanda. Basi awapitie kwenu mchana, awabariki nyote, ndipo arudi kulala huku.

Mdogo wako akupendaye daima,
Epiphanie