Sare Niliyoshona Mwenyewe

Jumapili, alasiri. Kangemi kuna baridi na manyunyu tangu asubuhi, lakini mimi nachemka.

Leo nimekalishwa benchi la nyuma kanisani, bila sare ya kwaya. Kosa langu? Niliimba kwenye maandamano.

Wacha nieleze, labda hasira itapoa. Mimi ni fundi wa nguo, na kwaya yetu mapambio yote naanzisha mimi, mwaka wa kumi na moja huu. Jumanne nilitoka maombi ya asubuhi nikaenda mjini kwenye maandamano moja kwa moja, sare ya kijani ikiwa bado mwilini. Moi Avenue askari walikuwa wametuzuia, vitoza machozi mkononi, na vijana wakaanza kuokota mawe. Niliogopa, haki ya Mungu. Nikaanzisha lile pambio tulilomwimbia Felo tukimzika. Felo alikuwa anaimba na sisi sauti ya tatu. Alipigwa risasi kwenye maandamano ya mwaka jana. Vijana wakapokea, mmoja mmoja wakaacha mawe. Siku hiyo hakuumia mtu.

Lakini kuna mtu alirekodi, na sare ikatambulika.

Mwenyekiti wa kwaya akaniita. "Dada Nekesa, umetuaibisha. Mheshimiwa mbunge anakuja Jumapili kutusaidia na paa la kanisa. Omba msamaha mbele ya kanisa, ama urudishe sare."

Ati nirudishe sare! Nilikata mwenyewe, nikashona mwenyewe, zote. Hata hicho kitambi chake nilikipima mimi!

Sikuomba msamaha.

Basi leo Mheshimiwa kaja, kaketi mbele. Kwaya ikasimama kumkaribisha. Kinanda kikapiga utangulizi, kikarudia, kikarudia tena. Hakuna wa kuanzisha. Miaka yote hawakuwahi kumfundisha mwingine. Mwenyekiti akageuza shingo, akanisihi kwa macho.

Nikafunga mdomo. Nilidhani nitafurahi, kumbe wapi.

Ndipo Mama Felo, tuliyekaa naye huko nyuma, akainuka, akaanzisha pambio la mwanawe. Sauti inakwaruza, hata kinanda hakikuweza kumfuata. Wanakwaya wakaangaliana. Halafu wakapokea, wote, huku machozi yanawatoka.

Na Mheshimiwa, asiyejua ni wimbo wa nani, akapiga makofi.

Makofi! Aki nilitamani kumvua hilo koti mbele ya watu.

Baada ya ibada mwenyekiti amenikumbusha, bila hata kuniangalia: "Jumatano, sare."

Niliifua juzi, imekauka, iko hapa mezani karibu na cherehani. Mama Felo ni mwembamba kuliko mimi, kwa hivyo naipunguza kiunoni na kukunja mikono kidogo.

Jumatano sare itafika mazoezini, kama walivyotaka. Itafika ikiwa imevaliwa na yeye.