Butoyi wa Bweni la Saba

Jumapili, 6 Februari

Mvua tangu alfajiri. Mashuka ya bweni la wadogo hayakauki, yananuka mkojo. Nimekagua kucha, nimemnyoa mmoja mwenye mapunye, nimegombana na mpishi juu ya mawese yanayoyeyuka bila kupikiwa. Mchana ugali wa muhogo na samaki wa migebuka. Saa tisa wote bwaloni mbele ya televisheni. Leo ndiyo sehemu ya kwanza ya Bweni la Saba.

Desemba, shule ikiwa imefungwa, watu wa Dar walikuja na kamera zao wakaifanya shule yetu kuwa shule ya miaka mia ijayo. Mabweni yetu sita wakayaacha kama yalivyo. La saba wakalibuni: la chuma, linakaa chini ya ziwa, usiku linaibuka na kupaa na watoto hadi kwenye nyota. Mtaa wetu wote wa Bangwe ulikuja kuchungulia uzioni.

Matroni wa bweni hilo ni mashine. Debe lenye macho ya taa. Kazi yake kuhesabu watoto vitandani, na kila akimaliza anasema, Mmoja hayupo. Bwalo zima likacheka na kunigeukia mimi, matroni wao. Nimekasirika. Miaka yote hii ya kupaka watoto dawa ya upele, nije kufananishwa na debe.

Lakini binti yangu Butoyi! Ndiye Nuru, mtoto aliyedondoka kutoka nyotani na hajui kwao. Anatazama juu, anasema, Hapa si mahari pangu. Watu wa Dar walimrudisha mara nyingi aseme mahali. Kila mara mahari. Mwisho mwongozaji akachoka, akasema mtoto wa nyotani aachwe na lafudhi yake. Mimi nilikuwa nimesimama pale na sikuona kosa liko wapi. Muha mimi, r na l kwangu ndugu.

Mwishoni majina yakapanda kwenye kioo. Nuru: Butoyi. Nimetokwa na machozi mbele ya watoto. Upuuzi mtupu.

Jumatano, 9 Februari

Amejiita tena usingizini. Butoyi, Butoyi. Ana mchezo huo tangu mdogo. Wenzake walipokuwa wakija kulala chumbani kwangu walikuwa wanamcheka: mtu gani anajiita mwenyewe na haitiki.

Leo mke wa mwalimu mgeni ameniuliza swali lile lile. Yeye ni mtu wa Manyovu, mpakani na Burundi, anayajua majina ya mapacha. Pacha wa kwanza Bukuru, wa pili Butoyi. Mama Butoyi, Bukuru yuko wapi? Nikamjibu kama ninavyowajibu wote. Ziwani.

Najibu hivyo kwa sababu sijui jingine. Mwaka ule wa vita nilikwenda Kibirizi kununua dagaa wa shule. Boti ya Warundi ilikuwa imefika. Bibi kizee mmoja ameshushwa maiti, pembeni yake mtoto anayetembea kwa kuyumba, kaniki imemfunika hadi magotini. Wenzake wa botini hawakumjua. Nikachuchumaa, nikamuuliza kwa Kiha, jina lako nani? Akasema, Butoyi. Nikasema haya, Butoyi, njoo.

Nilimtafutia watu wake, Mungu shahidi. Nilipanda malori hadi kambi za wakimbizi za Kasulu naye mgongoni. Nilitangaza makanisani. Hakujitokeza mtu. Ofisini wakaniambia kaa naye basi. Nimekaa naye. Tumboni mwangu hakijawahi kukaa kitu, na wenye midomo yao sokoni Mwanga walikwisha nipa jina lake, silitaji. Toka siku ile naitwa Mama Butoyi.

Jumapili, 13 Februari

Umeme umekatika saa nane na nusu. Sehemu ya pili hatukuiona. Watoto wamenuna hadi chakula cha jioni. Mimi pia.

Jumapili, 20 Februari

Leo umeme ulikuwepo. Nuru amepewa redio ya kuitia kwao. Anaita, anaita, inakoroma tu. Wadogo walilia. Butoyi alikaa mbele akijitazama, anatafuna ukucha. Nikampiga kofi mkononi, ukucha ni mchafu.

Dereva aliyeleta mahindi kutoka Kasulu amenichekesha. Anasema kambini kuna kibanda cha video, na watoto wa huko wamekuwa wehu kwa kipindi hiki. Wana Nuru wao. Kuna msichana wa pale, wanamfukuza wakimwita Nuru, wanasema ndiye yule yule wa kwenye kioo. Nikasema watoto bwana, kila mtu anataka kuwa nyota. Nilimpa dereva chai na chapati mbili. Nilikuwa nimevimba kwa sifa, mjinga mimi.

Jumanne, 1 Machi

Naandika tu.

Baada ya kipindi cha asubuhi nilikuwa nakwenda stoo. Nikamwona Butoyi nje ya geti. Hana sare. Amejifunga kitenge kilichopauka, miguu ina vumbi jekundu. Nikawaka. Nikapaza sauti, Butoyi, nani kakuruhusu kutoka, na hicho ulichovaa nini?

Akaitika. Kwa adabu, amekunja magoti kidogo. Lakini macho yake hayakunijua.

Na nyuma yangu, dirishani darasa la sita, Butoyi alikuwa amesimama na kalamu mkononi anatutazama.

Kando ya geti alikuwepo mwanamke mwembamba, ameshika nguzo. Hakuingia. Alikuwa anatazama lile dirisha. Alisema neno moja, nalo halikuwa Butoyi. Alisema, Bukuru.

Jumatano, 2 Machi

Yule mama na binti yake wamelala parokiani. Leo tumekaa ofisini kwa mwalimu mkuu, bibi mmoja mtulivu ambaye hata sauti haipandishi. Yule mama anaongea Kirundi, mimi Kiha, tunaelewana bila mkalimani. Ningependa tusingeelewana.

Vita vilipofika kijijini kwao waligawana watoto. Yeye alimbeba mmoja kwa miguu, milimani, hadi Manyovu. Mkwewe, mama wa mumewe, alimchukua mwingine kwa boti. Njiani akasikia boti imezama. Zilizama nyingi. Ile ya mkwewe haikuzama, alikufa bibi peke yake, kwa homa. Mama mtu akaenda kambini na mtoto mmoja. Hakutafuta, maana aliyezama hatafutwi.

Juzi kati watoto wa kambini wakamvuta binti yake hadi kibandani. Njoo ujione. Binti akajiona. Mwishoni wakasoma majina, na jina lake lipo. Nuru: Butoyi. Akakimbia kumwita mama yake, na dereva wa mahindi akawaelekeza hapa.

Butoyi ni yule wa getini. Wa kwangu ni Bukuru.

Siku ile Kibirizi nilimuuliza jina, akasema Butoyi. Kumbe hakuwa ananijibu. Alikuwa anamwita mwenzake. Nami nikamvisha jina la mtu anayemtafuta, miaka yote hii kila nikimwita nilikuwa namkumbusha nani hayupo. Na usingizini hakuwa anajiita.

Ni Muha mimi. Bukuru na Butoyi nimewajua tangu utoto. Sikujiuliza hata mara moja aliyefika ni yupi.

Ijumaa, 4 Machi

Namchukia yule mama. Nimeandika na sifuti.

Namchukia kwa upole wake. Angekuja anabwata ningejua la kufanya, kubwata nakuweza. Yeye ananiita dada. Ananishukuru. Anagusa sare niliyoipiga pasi mimi na kusema Mungu akubariki dada.

Wako kwenye orodha ya kurudi Burundi. Wataondoka baada ya Pasaka, na anataka kwenda na watoto wake wote wawili.

Mwalimu mkuu ameniita faragha. Amesema ustawi wa jamii wanaweza kunisikiliza. Mtoto amekulia kwangu, anasoma, anaongoza darasa. Kule anakwenda kwenye nyumba iliyoungua. Nikiweka pingamizi, lori la kurudi Burundi litaondoka wakati maneno bado yanazungumzwa. Nifikirie hadi Jumatatu.

Sina cha kufikiria. Nitaweka. Watu wanapenda kusema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Wanasema tena kuzaa si kazi, kazi kulea. Wachague basi, maana kwangu yote mawili hayatoshi pamoja.

Jana mtoto na pacha wake walikaa chini ya tangi la maji, wanalinganisha vidole vya miguu. Yule mama akiita Bukuru, hageuki. Nilifurahi kila alipokosa kugeuka.

Jumapili, 6 Machi

Niliwaalika bwaloni kutazama kipindi. Kwa kiburi, nisijidanganye. Nilitaka yule mama aone mtoto alivyo mkubwa hapa.

Akakaa benchi moja na mimi, mapacha mbele yetu. Sehemu yenyewe ilikuwa ya kipuuzi, bweni limegongana na kimondo, moshi mwingi. Debe likapita vitandani na macho yake ya taa. Mmoja hayupo, likasema. Watoto wakacheka, wakanigeukia kama kawaida yao.

Yule mama Kiswahili chake kidogo. Akamgusa binti yake bega, anasemaje huyo? Butoyi, wa kweli, akamweleza kwa Kirundi. Kwamba huyo ni mama wa bweni, kila usiku anahesabu watoto na kila usiku anakuta mmoja hayupo.

Akaitazama ile mashine. Akasema taratibu, bila kulia, Ni mimi huyo.

Nilisimama nikatoka nje, nikajifanya naangalia kuni. Tangu sehemu ya kwanza nimekuwa nikilionea lile debe aibu kwa kudhani ni mimi. Mimi sijawahi kuhesabu nikakosa. Wangu alikuwepo kila usiku.

Jumatatu, 7 Machi

Sikuweka pingamizi. Nilifika hadi mlango wa ofisi, nikarudi kufua.

Alhamisi, 10 Machi

Nimemwambia mtoto. Nilichagua wakati tunachambua mchele ili mikono iwe na kazi. Nikasema utakwenda na mama yako. Akasema mama yangu yuko hapa. Nikasema una mama wawili na huyu ameumia zaidi. Akasema wewe unanifukuza. Akamwaga mchele wote sakafuni.

Nikamwacha. Kwa desturi yangu angeokota punje moja moja huku nahesabu. Nimeokota mimi.

Ananiangalia kama mgeni. Inauma kuliko nilivyofikiri, na nilifikiri sana. Nikiwa peke yangu stoo nimesema mara kadhaa, nimebadili mawazo. Nimesema kwa sauti nisikie linavyosikika. Lilisikika tamu.

Jumatatu, 14 Machi

Amekuja mwenyewe kitandani kwangu, akalala miguuni pangu kama alipokuwa mdogo. Akaniuliza, pale Kibirizi nililia? Nikamwambia hukulia, ulikuwa unaita. Kisha akasema, Butoyi alikuwa mbele, mgongoni kwa mama, nilikuwa nawaona wanapanda kilima. Sijui kama anakumbuka kweli au amesimuliwa wiki hii. Sikumuuliza.

Jumamosi, 19 Machi

Wameondoka. Nimewasindikiza hadi Mwandiga kupanda basi la Kasulu. Watakaa kambini hadi malori yatakapoanza.

Nimemfungia sare zote mbili ingawa kule hazina kazi. Nimemwambia yule mama, huyu hali bamia, radi ikipiga mshike sikio la kushoto, ukimsuka mbele vuta taratibu. Anasikiliza kwa kichwa chote, midomo inarudia. Nikaona anayameza maneno yangu kama mwenye njaa, nikaona aibu ya chuki yangu. Nikamwambia, mwenzangu, jina nililikosea, unisamehe. Akasema, dada, ungelipatia, Butoyi asingeona jina lake kwenye kioo, nisingempata.

Mtoto alinikumbatia kiunoni, hakutaka kuachia. Kondakta anapiga bati. Mimi nikawa mgumu, nikambandua vidole. Kimoja kimoja.

Mama yake alikuwa amekwisha panda, akaita kutoka dirishani. Bukuru!

Akageuka. Mara moja, bila kufikiri, anavyogeuka mtu kwa jina lake.

Nimetembea hadi sokoni Mwanga, nikanunua vitunguu ambavyo sivihitaji.

Jumapili, 10 Aprili

Jua leo. Mashuka yamekauka yote.

Sehemu ya mwisho ya Bweni la Saba. Ile redio imejibiwa. Nuru anapanda bwenini, linapaa kutoka ziwani, maji yanamwagika pembeni. Debe linahesabu vitanda, halisemi kitu. Nasikia watu wa Dar walimalizia hivyo tangu Desemba, sisi tuliona vipande tu, hatukujua mwisho. Majina yakapanda. Nuru: Butoyi. Nilikaa hadi kioo kikawa cheusi.

Mtoto wa darasa la pili alikuja kunishika kitenge. Mama Butoyi, Butoyi atarudi lini? Nikamwambia Butoyi hakuwahi kusoma hapa, alifika siku moja getini na mama yake. Aliyesoma hapa ni Bukuru. Akanikodolea macho. Haya, kanawe miguu, nikamwambia.

Bado wananiita Mama Butoyi, mpishi, walimu, wauza nyanya. Naitika. Nitaitika jina gani lingine.

Jioni nimepita mabwenini kuhesabu. Wote wapo. Nimerudi chumbani, kitanda chake nimekitandika shuka lililokauka. Nikakaa juu yake nikajaribu kulisema jina lake, maana sijawahi kumwita hata mara moja. Bukuru. Nililisema polepole, r yake vizuri, nisije nikakosea tena.