Kichwa cha Baba

Suva, Fiji
3 Machi 1985

Baba mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie wewe na Shangazi Vika huko kwetu Tonga, kisiwani Uiha. Mimi mzima, ila hamu ya chakula cha nyumbani inanitesa. Jumapili nikifumba macho naona majani ya magimbi yakitolewa kwenye tanuri la shimoni, tui likichuruzika, na wewe unatufokea tusubiri sala.

Mwaka huu wa mwisho wa udaktari tunakabidhiwa wagonjwa. Wiki iliyopita nilipewa mzee wa Kitonga aliyeanguka bafuni. Daktari Prakash, mwalimu wetu, akasema, "Mpapase kichwa." Baba, mkono uligoma. Nilikumbuka kofi la Shangazi, siku ile nilipokuwa mdogo nikataka kutoa jani kwenye nywele zako. Kichwa cha baba hakiguswi na mwanawe, na mzee yule ni rika lako. Daktari Prakash akauliza, "Vipi, kina umeme?" Wenzangu wakacheka. Nikapiga magoti, nikamwomba mzee radhi kwa lugha yetu. Akasema, "Gusa tu, mwanangu. Wenyeji walishahama humo, zimebaki mvi tatu."

Nikamgusa. Kisha nikaenda chooni nikalia. Nilikuwa nimekukumbuka sana.

Nikifaulu, Desemba nitakuwa nyumbani.

Binti yako,
Losaline


Uiha
21 Aprili 1985

Mwanangu Losaline,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Sisi tunaendelea, na Shangazi yako anaendelea kutuzidi sote. Juzi kamsema mchungaji mbele za watu kwa mahubiri marefu. Barua yako niliisoma kwenye kikao cha kunywa kava, na yule mzee wako kawavunja watu mbavu.

Nami nina langu. Nina uvimbe nyuma ya sikio, mgumu kama kokwa, hauumi wala hausogei. Niliudharau. Shangazi yako akaniburuta hospitalini kisiwa kikubwa, wakakata kipande kikapelekwa kupimwa. Majibu yalipokuja, daktari alimwita yeye nje, mimi nikaachwa naangalia ukuta. Aliporudi akasema, "Ni jipu la ndani tu, litakwisha."

Sasa sikiliza. Jioni ile dada yangu alinipa kichwa cha samaki. Losaline, tangu tuzaliwe kichwa cha samaki ni chake. Yeye ni dada, mimi ni nani? Na jana kwenye karata kaniacha nishinde! Nimeogopa kuliko nilivyoogopa kisu cha daktari.

Wewe unasoma vitabu vyao. Niambie hiki ni kitu gani. Nisipokuuliza wewe, nimuulize nani?

Baba yako,
Kitione


Suva
30 Mei 1985

Baba mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta salama. Hapa mvua hazikatiki na mitihani inakaribia. Kuhusu uvimbe, uvimbe wa sehemu hiyo huwa na sababu nyingi, na si rahisi kusema bila kumwona mgonjwa. Fuata maelekezo ya daktari wa huko, kula vizuri, pumzika. Msalimie Shangazi.

Binti yako,
Losaline


Uiha
2 Julai 1985

Mwanangu,

Hatujambo, tunamshukuru Mungu. Barua yako imefika. Nimeigeuza hata upande wa pili nikimtafuta mwanangu, sikumwona. Humo yumo daktari anayesema na mgonjwa asiyemjua dirishani. Hata kunitania hukunitania.

Sitaki kukubana, lakini ujue kwa nini nauliza. Kama nina muda, nitakungoja Desemba. Nitamnenepesha yule nguruwe mwenye doa, nami nitasimama gatini na shada la maua kama mjinga, nikikungoja ushuke. Kama sina, nataka kupanda meli nije nikuone sasa, nikiwa bado natembea kwa miguu yangu. Nimekutamani, Losaline. Nikipita mlangoni pa chumba chako nakusikia unakohoa, na chumba ni kitupu.

Nikikungoja bure kwa sababu mlinificha, nani atanirudishia miezi hiyo?

Baba yako,
Kitione


Suva
19 Julai 1985

Baba yangu,

Leo sina salamu ndefu. Ni saratani, na imeshasambaa. Hakuna daktari, hapa wala ng'ambo, atakayeiondoa. Desemba ni mbali, Baba. Usiningoje.

Shangazi alinipigia simu kutoka posta kunipa majibu kabla hata barua yako ya Aprili haijanifikia. Alilia. Sijawahi kumsikia akilia. Akasema, "Ukimwambia utakuwa umemzika. Mimi dada yake nimeshasema, basi." Yeye yuko juu yako, wewe uko juu yangu. Ningempinga kwa mdomo gani? Ndipo nikakuandikia ule upuuzi.

Jana nilimuuliza Daktari Prakash mtu afanyeje akikatazwa kusema na wakubwa wake. Akaniuliza, "Huo mwili ni wa nani?" Nikasema ni wako. "Sasa mimi unaniuliza nini?"

Nisamehe. Sema neno moja nifunge mizigo nije. Mitihani itangoja.

Binti yako,
Losaline


Uiha
4 Agosti 1985

Mwanangu mpenzi,

Asante. Nilikaa na barua yako shambani, nikalia vizuri, nikasikia njaa, nikarudi nikala. Unaona? Sikufa. Shangazi yako alininunia siku mbili. Ya tatu akavuta sahani, akachukua kichwa cha samaki chake. Nikajua yamekwisha.

Usifunge mzigo wowote. Ukiacha mitihani kwa ajili yangu nitakufukuza gatini. Tunakuja sisi, kwa meli ya mwisho wa mwezi.

Vika anakuja kwa kazi maalumu. Mila yetu unaijua. Nikifa, yeye atakaa upande wa kichwa changu kwenye mikeka mizuri. Wewe mwanangu utakuwa jikoni nyuma, umejifunga kiunoni mkeka mkuukuu wa matanga, unawapikia watu, wala hutanisogelea. Ndivyo ilivyo, na sitaki uivunje. Lakini sasa niko hai. Mimi ni mgonjwa, wewe ni daktari. Nimemwomba dada yangu ruhusa unipime kichwa kwa mikono yako. Amefikiri weee, kisha akasema, "Akate kucha kwanza."

Baba yako,
Kitione


Suva
2 Novemba 1985

Baba mpendwa,

Shangazi alipiga simu jana kutoka posta. Najua barua hii haina wa kuisoma, lakini mkono umeshazoea.

Wanafunzi wa kwetu wamekuja bwenini kuomboleza. Wamekaa ukumbini wanaimba, sauti ya chini haipo, ile ya kwako. Mimi niko jikoni nyuma na mkeka mkuukuu mwilini, nachemsha magimbi. Mtihani ni wiki ijayo. Nitaufanya, nilikuahidi.

Nairudia ile siku ya wodini, mlipokuja. Shangazi ameketi upande wa kichwa, amenikazia macho kama polisi. Daktari Prakash alikuwa amesema kwamba mtoto hamtibu baba yake, ila kumpima anaweza, akasimama kando. Nikapiga magoti, nikakuomba radhi. Ukasema, "Haraka basi, meli itaniacha."

Nywele zako ni laini, Baba. Miaka yote nilidhani ni ngumu.

Kwenye utosi vidole vyangu vikakuta kovu refu. Nikauliza ni la nini. Shangazi ndiye aliyejibu. "La kwangu hilo. Nilimtupia kombe la pwani, alikuwa na miaka sita. Akamwambia mama ameanguka, na mpaka leo hajanitaja." Mkacheka nyinyi wawili mpaka nesi akaja kutunyamazisha.

Uvimbe niliupima, nikamtajia Daktari Prakash ukubwa wake kama nilivyofundishwa. Kazi ikawa imekwisha. Mikono sikuiondoa. Daktari akageukia dirishani, na Shangazi akayashusha yale macho ya polisi. Wewe ulikuwa umefumba macho. Ukauliza, "Hujamaliza tu, daktari?"

Nikasema bado, Baba.

Binti yako,
Losaline