Picha ya Euphrasia Akiwa Amesimama

Alhamisi, 7 Juni 1956
Daktari kasema watakata Jumatatu. Mguu wa kushoto, chini ya goti. Mke wangu Euphrasia kaitikia kana kwamba anapokea oda ya gauni. Tukirudi — polepole, na mkongojo — akaniambia anataka kitu kimoja: picha akiwa amesimama. Studio hataki. Hataki mtu asiyemjua autazame uvimbe wake. "Nipige wewe, Baba Winifrida. Wewe umeshauzoea."
Nimetoa ile kamera ya Kijerumani kabatini. Nabonyeza — kimya. Imekwama!

Ijumaa, 8 Juni
Kwa Mbaruku, fundi saa, Mtaa wa Mkunguni. Kafungua, kachungulia nyuma ya lenzi. Vibati vinavyofumba na kufumbua kama kope vimegandana.
"Nani kaitilia mafuta hii? Mzee, hii si cherehani!"
Nilijua papo hapo. Mshonaji nyumbani ni mke wangu. Kila kinachozunguka hukipa tone. Hata bawaba za jirani.
Nikasema ni mimi. Alinicheka sana, kisha akanifundisha: pamba, petroli, subira.
Euphrasia kauliza ilikuwa na nini. Vumbi, nikamwambia.
"Basi ungenipa mimi, ningeitilia mafuta."

Jumamosi, 9 Juni
Kutwa napangusa. Vibati vyembamba kuliko ganda la kitunguu. Tulitoka kwetu Kibosho vijana, bila picha hata moja. Uso wa mama naukumbuka nusu. Masikio yake sijui yalikuwaje.
Saa kumi — cha! Vimefumbuka, vikafumba. Nimejaribu mara kumi. Mara tisa sawasawa.

Jumapili, 10 Juni
Baada ya Misa, uani. Gauni la buluu, viatu vyote viwili. Cha kushoto kimeingia kwa sabuni na kuuma meno. Candida wa chumba cha pili akapiga vigelegele, akanitania: Bibi harusi huyo! Mzee Kasmir, shika ukuta usianguke!
Euphrasia akampa Candida mkongojo. Akasimama peke yake. Akacheka. Nikabonyeza.
Nilisikia kufumbua. Kufumba sikukusikia.
Nikagonga kwa kidole, vikafumba — nimechelewa. Jua lote limeingia. Picha imeungua.
"Tayari?"
Jasho lilimtiririka mpaka shingoni. Nikasema tayari. Akajitupa kitini, anacheka bado.
Nimeingia ndani, eti kufuta miwani. Naandika haya nimesimama. Filamu ipo. Jua lipo, robo saa labda kabla wingu halijalifunika.
Ananiita nikamvue kiatu. Kikitoka, hakiingii tena.