Nyanya Zako Tumezing'oa, Mama

Kanyenye, Tabora

Mama yangu,

Shikamoo. Nimeandika neno hilo nikaweka kalamu chini, kwa kuwa sikio langu lilikuwa likingoja marahaba yako. Basi, nitaandika hivyo hivyo.

Nina habari ambayo sikutaka uisikie kwa mtu mwingine. Nyanya zako tumezing'oa. Zote, hata ule mstari wa ukutani uliousimikia fito wiki uliyoanza kuugua.

Haukuwa uvivu wangu. Baada ya kukuzika, mvua ilinyesha siku tisa mfululizo. Asubuhi moja nikaona mabaka ya kahawia kwenye majani ya chini, kana kwamba yamemwagiwa maji ya moto. Nikageuza jani: ukungu mweupe. Siku tatu baadaye mashina yalikuwa meusi, na matunda yanaoza yakiwa bado mabichi. Bwana shamba akapita, akatikisa kichwa. "Ng'oeni, mchome. Ugonjwa huu unasafiri na upepo."

Baba hakukubali. Unamjua mumeo. Tangu utuache alikuwa akinywa uji wake kando ya tuta lako kila asubuhi, akizungumza na wewe. Sijui mlizungumza nini, nikikaribia alinyamaza. Nilipomweleza maneno ya bwana shamba alisema, "Mikono yake ndiyo iliyopanda hizi. Hapana mtu atakayezigusa."

Nikangoja aende kanisani, nikang'oa mashina mawili ya pembeni. Aliporudi aliona udongo uliofukuliwa. Hakunigombeza. Siku mbili hakugusa chakula nilichopika. Mama, afadhali angenichapa.

Nikajaribu mrututu, ile dawa ya bluu ya kuua ukungu. Niliuyeyusha kwenye chungu chako kile kilichomeguka mdomo (usikasirike, sikipikii tena), nikachanganya na chokaa, nikanyunyiza kwa fagio mpaka vidole vikawa vya bluu. Nilikuwa nimechelewa.

Kisha akaja jirani yako Bi Zuwena. Wewe ulikuwa ukimpitishia kisamvu juu ya ua, naye hakurudisha bakuli tupu hata siku moja. Safari hii aliketi mkekani, akauliza hali, akanywa maji, akauliza hali tena. Mwisho akasema polepole, "Mzee, na zangu zimeanza."

Ni ile miche uliyomgawia wewe mwenyewe, na tangu awe mjane nyanya anazouza sokoni ndizo zinazomlisha.

Baba akainuka bila kuaga. Nilidhani amekasirika. Kumbe amefuata jembe. Alizing'oa moja moja, akizilaza taratibu kama mtu anayelaza watoto. Alipofika mstari wa ukutani akapiga magoti kwenye tope, akalia. Hakulia siku ya maziko, Mama. Watu walisema sana. Nilitaka kumwendea, Bi Zuwena akanishika mkono. "Mwache, mwanangu. Mwache alie."

Tulizichoma kwa pumba na mafuta ya taa, maana zilikuwa zimeloa. Moshi ule! Kesho yake Baba akaenda kwa Bi Zuwena, akang'oa zilizougua, na zilizobaki akazinyunyizia mrututu kwa mkono wake. Karibu nusu zimepona. Yale matunda yetu mabichi yasiyo na doa, tuliyoyachuma kabla ya kuchoma, Bi Zuwena ameyafanyia achari. Baba huilalamikia kuwa ni kali mno, huku anakomba bakuli.

Sasa ni kiangazi. Mama mdogo alishuka na gari moshi kutoka Tura, kwenye kitambaa amefunga mbegu za nyanya. Nikamwuliza kazipata wapi. "Kwa mama yako," akasema, "alinipa mwaka juzi." Nilicheka, kisha sikuweza kucheka tena.

Tumezisia upande wa pili wa nyumba, mbali na udongo ule. Tunamwagilia shinani, majani yabaki makavu. Na Baba, nikikaribia siku hizi, hanyamazi. Jana alikuwa anakusimulia namna ninavyounguza ugali. Nikamwacha amalize.

Ninakuahidi jambo moja: sitamfanyia Baba kitu kwa kujificha tena, hata nikiwa na haki. Na zikiiva, ya kwanza atakula yeye. Ya pili nitaila mimi, haijaoshwa, nimesimama shambani, kama ulivyonikataza miaka yote.

Pumzika, Mama.

Mwanao,
Veronika